Injini Iliyouzwa

Mnunuzi alichovya kitambaa kwenye petroli, akasugua ubavu wa injini mpaka namba zikatokea. Akazilinganisha na zile za kibati kwenye mlango wa gari.

"Ndiyo yenyewe, ya kiwandani," alisema, akicheka mpaka jino la mwisho. "Gari la zamani lenye injini yake ni adimu kama maziwa ya kuku, mzee."

Binti wa mzee aliinama, akapitisha kidole juu ya namba zile. Mama alipokuwa mgonjwa, baba aliapa kando ya kitanda chake kwamba injini hii ameiuza apate pesa za upasuaji, akaweka ya mtumba, na pesa bado hazikutosha.

Baba alianza kufuta kioo kilichokwisha kufutwa.

"Baba," binti aliuliza bila kuinuka, "mama alikufa akikushukuru kwa lipi?"