Jina Lililogeuka Tusi

"Ametuibia fedha yetu tena, mshenzi yule," Veit alisema, akatema mate mbele ya tanuri.

Jiwe liling'aa kama madini ya fedha kweli lilipotoka mgodini. Sasa lilikuwa majivu matupu, na moshi wake, wenye harufu ya kitunguu saumu, ulikuwa umewatoa nje wayeyushaji wakikohoa kama mbuzi wenye mafua. Kilima kizima cha Saksonia kilijua wa kumlaumu. Hata kasisi alimtaja Jumapili, na si kwa wema.

Mzee mwenyewe alisikia yote akiwa nyuma ya rundo la kuni. Ilimuuma sana. Hakuwahi kuiba hata kijiwe. Dari ya mgodi ilipotaka kuporomoka, ni yeye aliyegonga ukuta kuwaonya. Walikimbia, wakapona, kisha wakasema alitaka kuwafukia.

"Tuhame," mkewe alimwambia. "Jina lako limekuwa tusi. Watoto wanaona aibu."

"Tuhamie wapi, mama watoto? Nimezaliwa humu. Na mkate wanaoniachia mgodini ili kunituliza nakula. Ngoja nijisafishe kwanza."

Akaenda mwisho kabisa wa mgodi, mahali alipopajua yeye tu, akabandua bonge la fedha halisi. Akaliweka pale Veit anapoanzia kazi asubuhi, kisha akajibanza pembeni na mkewe kusubiri shukrani. Alikuwa hata amechana ndevu.

Veit aliliokota, akaligeuzageuza. Mwenzake Asmus akasogeza taa.

"Kaka, hiyo fedha."

"Fedha gani inayojileta yenyewe? Wewe umeshaona fedha ikikusubiri mlangoni?"

"Sijaona."

"Basi. Ni yake hii. Anataka tuunguze mapafu tena." Veit akafanya ishara ya msalaba, akalitosa bonge kwenye shimo la maji machafu. "Tena kuanzia leo, kila jiwe la uongo tuliite kwa jina lake, hata wajukuu wetu wamjue."

Asmus akaona ni wazo zuri.

Mzee alibaki akilitazama lile shimo, machozi yakimlenga. Jina lake ndilo kitu pekee alichokuwa nacho, na sasa limekwenda kwa mawe.

"Si nilikwambia? Shukrani ya punda ni mateke," mkewe alisema, akamshika mkono. "Twende zetu nyumbani, Kobalti wangu."

Na vibwengo wale wawili wakapenya ndani ya mwamba, bila kuacha hata ufa.