Gumba Lipite Chini

"Gumba!" alifoka Isaka. "Mama Ethel, gumba lipite chini ya kidole cha tatu. Nimesema mara ngapi?"

"Limepita."

"Limepita juu. Nimeliona kwa macho yangu."

Theodora alishusha pumzi, akaweka tena mikono kwenye piano na kuanza upya, akiimba kila noti huku vidole vikitembea: do, re, mi, gumba chini, fa, so. Karibu na miguu yake mtoto wao wa mwisho alikuwa amelala fofofo kwenye mkeka, mdomo wazi.

Isaka hakuwa mwanamuziki. Alikuwa seremala, Mmakonde wa Kitangari aliyehamia Masasi kufuata kazi za misheni. Kusoma alijifunza ukubwani, katika shule ya jioni, na tangu hapo hakuna karatasi iliyompita. Kitabu cha mafunzo ya piano alipewa na Bibi Dorothy, nesi Mzungu aliyepiga piano kanisani. Alikisoma mstari kwa mstari, kamusi gotini.

"Vidole vikae kama vimeshika bibo lililoiva," alimwambia mkewe. Kitabu kilisema chungwa, lakini Isaka aliona bibo linafaa zaidi. "Maji yakitoka, umekosea."

Baada ya Pasaka, Bibi Dorothy angerudi kwao Uingereza. Padre Danieli alikwisha kutangaza kwamba atakayepiga wimbo mzima mbele yake vizuri kuliko wenzake ndiye atakayerithi kiti. Walijitokeza wawili: Theodora, na Cecil karani, mjukuu wa Wakristo wa kwanza wa misheni, ambaye kila Alhamisi aliruhusiwa kujifunzia kwenye piano ya kanisa.

"Mikono ya kuteka maji Kitangari, leo ipige piano?" Cecil alisema Jumapili moja nje ya kanisa. Watu wakacheka.

"Kwetu maji yako mbali, Bwana Cecil," alijibu Isaka. "Ndiyo maana hatuchoki upesi."

"Nasikia hata piano mnayo nyumbani."

"Tunayo."

Jambo hilo lilimkaa Cecil vibaya.

Katika kwaya wanawake walisimama nyuma, na kwa miaka mingi Theodora alikuwa akikichungulia kiti kile kupitia mabega ya wanaume. Alikitaka. Na akishindwa safari hii, Cecil alikuwa kijana mwenye afya njema. Angekikalia miaka arobaini.

Basi alijifunza miezi mitano, alfajiri kabla ya shamba na jioni baada ya vyungu. Jirani yao Adija akamlalamikia juu ya ua.

"Mama Ethel, hiyo do-re-mi yako! Hata mbuzi wangu wameijua. Jana mmoja kaniitikia."

"Kaitikia vizuri?"

"Kakosea."

"Basi huyo mpeleke kwa Cecil."

Siku ya mtihani ilikuwa Jumamosi, kanisani. Cecil alianza. Alipiga kwa mbwembwe, kichwa kikiyumba, lakini kwenye mstari wa tatu mkono wa kushoto ulichelewa, wa kulia ukausubiri, kisha yote miwili ikapotea njia. Alikohoa, akaendelea mpaka mwisho.

"Shikamoo, Padre," Theodora alisema akikaribia.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Alikaa. Akakunja vidole, akabonyeza noti ya kwanza.

Aliruka kitini na kuficha mikono mapajani.

"Ameanza kwa kuanguka," alinong'ona Cecil, si kwa sauti ndogo sana.

Isaka, kando ya nguzo, alifumba macho. "Bibo," alisema kwa sauti ya chini. "Shika bibo."

Theodora alirudisha mikono. Mara hii vidole havikusimama. Mstari wa kwanza, wa pili. Gumba likapita chini, laini, mahali pake. Ule wa tatu uliomwangusha Cecil aliupita kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yake, mkono wa kushoto na wa kulia ikienda pamoja kama wake wenza waliopatana. Alifika kwenye Amina, akaiacha ifie yenyewe juu kwenye paa.

Cecil alikuna shingo.

Padre Danieli alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kiti ni chako, Mama Ethel. Lakini nieleze. Noti yako ya kwanza ilikuwa sahihi kabisa. Uliruka kwa nini?"

Theodora alimtazama mumewe kwa aibu kidogo.

"Unisamehe, Padre. Piano yetu aliichonga Baba Ethel kwa mninga. Hailii."