Kumsubiri Mtani

Kaburi lilikuwa tayari, jeneza limeshapigiliwa misumari, na mtani hajafika.

Mama Pendo aliketi mkekani, kanga imemfunika kichwa, macho barabarani. Mumewe, Mwalimu Nikolao, alimwachia agizo moja tu, na alilirudia kwa miaka mingi: asizikwe bila mtani. "Nimewachekesha watoto wa watu maisha yangu yote," alikuwa akisema. "Msije mkanizika kimya kimya kama mwizi."

Lakini mtani wa ukoo, mzee Salmini wa Masasi, hajiwezi tena, yuko kitandani. Alipopigiwa simu asubuhi alisema anamtuma mwanawe, Twahiru. Hapa Chilangala hakuna aliyewahi kumtia machoni huyo Twahiru, na simu yake haikupatikana. Padri alilitazama jua. Petro, mdogo wake marehemu, alimtazama padri. Mama Pendo hakuwa na la kufanya. Alijiona ameshindwa hata hilo moja aliloombwa.

Kifo chenyewe kilikuja ghafla. Jana Mwalimu alikwenda peke yake zahanati kwa ajili ya kikohozi, akarudi na vidonge, akavinywa baada ya kula, akalala. Asubuhi, katika baridi ile ya Newala ya mwezi wa saba, Mama Pendo alimgusa akamkuta wa baridi pia. Alipiga yowe mpaka sauti ikamkauka.

Watu walikuwa wameanza kuinuka pikipiki ilipoingia uani kwa kasi. Kijana aliyeshuka alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Hakutoa shikamoo kwa mzee hata mmoja, hakuvua kofia, hakuuliza wafiwa ni akina nani. Aliwapita wazee kama anapita visiki, akaenda moja kwa moja kwenye jeneza, akalilalia na kubandika sikio.

"Mtani huyo," mtu akanong'ona, na ua mzima ukashusha pumzi. Nani mwingine angethubutu?

"Fungueni," kijana akasema. "Huyu mtu hajafa."

Watu wakaangua vicheko. Nusu ya watu pale walisoma kwa Mwalimu, na kila darasa alilishibisha hadithi fupi za Mskoti mmoja wa karne ya kumi na tisa, kutoka kitabu chakavu kilichoachwa na wamisheni. Alizitafsiri huku akiziigiza: watu wanaofukua makaburi, shetani anayepiga hodi kwa adabu zote. Waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya bwana mmoja aliyezikwa angali hai. Ikifika hapo, Mwalimu alikuwa akijilaza juu ya meza, akaigonga kwa kidole, na wasichana wakakimbilia nje. Sasa mtani kaileta hadithi ileile kwenye msiba wake. Hata Mama Pendo alijikuta anacheka huku machozi yakimtoka, akamshukuru Mungu.

Kijana akasema yeye ni mganga mpya wa zahanati, aliyeripoti juzi tu. Petro akamjibu kwamba basi yeye ni askofu. Kijana akataja vidonge vya usingizi, akataja makosa, mengine yakamezwa na vicheko. Kina mama wakammwagia maji, wakampaka majivu usoni, kama inavyompasa mtani. Alimshika Petro shati kwa mikono miwili.

"Nimekosea mimi. Nifungeni baadaye, lakini lifungueni kwanza."

Mama Pendo aliacha kucheka, akainuka nusu. Petro akamwambia akae. Mtani husema linalouma, ndiyo kazi yake. Kwani hakumbuki msiba wa baba yao, Salmini alivyoapa kwamba marehemu kamkonyeza? Mama Pendo alikumbuka, akakaa. Msibani haki ya kusema chochote ni ya mtani, na haki ya kumwamini haijapewa mtu.

Jeneza liliposhushwa, kijana alijitupa kaburini juu yake. Hilo nalo walilitarajia, maana mtani hatoki shimoni mpaka apewe kitu. Petro akamteremshia jogoo. Kijana hakumwangalia hata huyo jogoo. Alikuwa aking'oa misumari kwa kucha. Vijana wanne wakashuka, wakamtoa mzobemzobe, na mzee mmoja akafuta macho akisema Salmini hata enzi zake hakuufikia ufundi huu. Padri alisubiri kwa subira, akamaliza sala. Majembe yakafanya kazi.

Watu wakarudi uani kula ugali wa muhogo. Kijana alibaki kule kaburini, kwenye mikorosho, amepiga magoti, anauchimbua udongo kwa vidole, na watoto wakimcheka. Sauti yake ilikuwa imekauka. Mama Pendo alimtazama kwa mbali, akaguswa sana. Watani wote aliowahi kuwaona walilia kwa mdomo tu, lakini huyu alilia hadi mabega yakatetemeka. Mwalimu angefurahi.

Akaingia ndani, akalichukua koti la mumewe lile la kufundishia, ambalo kwa desturi ni la mtani. Alilikunja vizuri, akatoka kumpelekea.

Kwenye njia ya kuingilia uani alikutana na mtu amevaa gunia, sufuria kichwani, uso umepakwa majivu, anachechemea na kukohoa hasa kama Mwalimu. Alipoliona lile koti mkononi mwake, yule mtu akasimama, akaivua sufuria taratibu.

"Mama Pendo, nisamehe. Gari limetufia mlimani tangu asubuhi, na simu haishiki. Mimi ndiye Twahiru wa mzee Salmini. Mmeshazika?"