Sauti ya Mwanamke Mwenye Upanga

Kwenye banda la video, Sikudhani alikuwa akitafsiri filamu ya kigeni, akiwasemea wanawake wa filamu kwenye kipaza sauti. Mumewe, Kibwana, aliwasemea wanaume kwenye kipaza sauti hichohicho. Kwenye skrini, shujaa wa kike alimwinulia upanga mume aliyempiga.

Kibwana akaziba kipaza sauti kwa kiganja. "Mfanye aombe radhi. Wateja hawataki mwanamke jeuri."

"Nisamehe, mume wangu," akasema Sikudhani, kwa sauti ileile ya jana nyumbani.

Watu wakaangua kicheko. Shujaa alikuwa amefumba mdomo, na upanga bado uko juu.

"Lia vizuri! Umeshasahau ya jana?" Kibwana akafoka. Safari hii hakukiziba kipaza sauti.

Kicheko kikakatika. Sikudhani akakivuta kipaza sauti kutoka kwa mumewe hadi mdomoni, na banda zima likamsikia akipumua.