Kushoto kwa Kaka

Meno ya msumeno wa umeme yalipita upana wa ukucha tu kutoka kwenye kidole cha dada mtu, na kaka yake aliyekuwa akikata ubao hakushtuka. Dada akauzima, akabaki palepale kushoto kwake, mkono ukiwa bado juu ya swichi.

“Nani kazima?” kaka alifoka, akitazama mbele.

“Mimi hapa. Kwani hunioni?”

Akageuza shingo nzima, kama bundi, ndipo akamwona.

“Kaka, daktari wa macho alikwambia nini?”

“Ati vijiwe vya chokaa vimeota kwenye mshipa wa jicho, vinanila uwezo wa kuona pembeni. Havina dawa. Lakini kipimo cha mashine nilifaulu.”

“Kwa macho hayo?”

“Niliambiwa nikodolee taa ya katikati, nibonyeze kitufe kila ya pembeni inapowaka. Mimi nikazisaka zote kwa macho, mdogo wangu. Hazikunitoroka!” Akacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichomchoma dada. Mwezi mzima alikuwa akimshikia mbao upande uleule, na kaka akijua kwamba haoni huko.

“Mashine umeidanganya. Mimi je?”

“Ningekwambia, ungekubali kusimama hapo?”

“Mwenye macho haambiwi tazama. Wewe huna, na ukanyamaza!”

Dada alimkamata ukosi, akamburuta hadi pale alipokuwa amesimama yeye mwenyewe, akamtia ubao mikononi.

“Shika,” alisema, akasimama alipokuwa kaka, akauwasha msumeno.