Kibao cha Shingoni

Tangu asubuhi kibao cha mbao kilining’inia kwa kamba shingoni mwa Naetwe. Hapo shuleni, mtoto aliyeteleza ulimi akasema lugha ya nyumbani huvishwa kibao hicho, na hakivui mpaka amnase mwenzake akiisema. Anayekutwa nacho jioni huchapwa.

Mwalimu Eliwaza hakutulia. Alizunguka mbele ya darasa, chaki ikimvunjikia mkononi, masikio yakifuata viatu vya mwalimu mkuu huko barazani.

“Nguo mbichi ikianikwa, maji yake huenda wapi?”

Mkono wa Naetwe ukapanda, ukashuka, ukapanda tena.

“Sema, mwanangu.”

“Najua, Mwalimu, ila neno nililo nalo ni la nyumbani.”

“Lete hilo hilo.”

Naetwe akalisema kwa sauti ndogo, kama anayekiri wizi. Mwalimu akaliandika ubaoni, kando yake akaandika “mvuke”. Kisha akalisoma lile la nyumbani, kwa sauti ya kufika barazani.

Mwalimu akamwendea Naetwe, akapiga goti, akainamisha shingo.

“Umeninasa,” akasema.

Viatu vikasimama mlangoni. Naetwe alikuwa ameishika kamba kwa mikono miwili.