Mpaka Uliochorwa kwa Ukucha

Uchaguzi ulipokaribia, Fisi, mbunge wa jimbo la bondeni, alianza kuchora upya mpaka wa jimbo kwa ukucha wake. Nguchiro, asiyeweza kuona jambo asiulize, alimfuata nyuma.

"Mheshimiwa, mbona umepinda hapa?"

"Anakaa Nungunungu. Ana mdomo sana. Abaki nje."

"Na hapa?"

"Kwa Digidigi. Hatanipa kura."

Wakafika kwenye pango la Fisi mwenyewe. Mkewe alikuwa mlangoni, akasema mume asiyeonekana nyumbani tangu achaguliwe, safari hii kura yake asahau. Fisi akanuna, akaupinda mpaka, pango likabaki nje.

Siku ya kura Fisi aliwahi kituoni. Nguchiro, msimamizi wa mlango, akauliza, "Mheshimiwa, wewe unakaa jimbo gani?"